Kikande wanamaliza chambo bila kunasa, miamba ya nje Mtwara

Msangamkuu_Boti

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mshipi wa mwambani.

Boti ni ya faiba, futi 23, mashine HP 40 ya mafuta ya kuchanganya. Tunatokea Mikindani na wageni wanne kwa safari, saa sita kwenda na kurudi. Wanataka samaki wa mwambani: kikande, changu, chewa, na kolekole akitokea. Kina ni mita 25 mpaka 45. Vifaa: mshipi wa nailoni wa milimita 1, ndoana 5/0, chubwi za risasi gramu 150, chambo ni dagaa wabichi na vipande vya kibua.

Changu wanapatikana. Shida ni kikande. Wanagonga mfululizo, ukivuta ndoana inakuja tupu. Mgeni anapandisha mshipi kila baada ya dakika mbili kuweka chambo kingine, mwishoni mikono imechoka na ndoo haina kitu. Wachache wanaonasa wanaingia shimoni na mshipi unakatika. Halafu kuna siku mshipi unalala ubavuni kabisa, chubwi haifiki chini.

Nauliza ndoana gani, chambo gani, siku gani za mwezi. Na je, tutie nanga au tuiache boti ielee?

---

PimaIshirini

Mkuu, 5/0 ndiyo inayokunyima kikande. Huyu samaki ana mwili mpana kama sinia lakini kinywa chake ni kidogo. Hata wa kilo mbili hakipitishi kidole gumba kwa raha. Meno yake yametengenezwa kuvunja kaa na urumba wa baharini, yale magamba yenye miiba, kwa hiyo hamezi. Anamenya. Chambo kikining'inia nje ya ndoana anakikata pembeni kipande kwa kipande, na wewe huko juu unasikia tk-tk-tk halafu kimya.

Shuka mpaka 1/0 au 2/0, chuma nene. Ukienda dukani angalia namba vizuri maana zinachanganya watu: zenye sufuri nyuma, namba ikiongezeka ndoana inakuwa kubwa, zisizo na sufuri ni kinyume, namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Kwa wageni chukua ndoana za mviringo, zile ambazo ncha imegeukia ndani. Hazihitaji mtu ashtue mkono. Samaki akigeuka nayo inateleza yenyewe mpaka pembeni mwa taya na kukaa hapo. Mgeni akishtua anaitoa kinywani, na hilo mwambie kabla boti haijang'oka ufukweni, si wakati samaki anagonga.

Funga hivi. Chubwi iwe chini kabisa, ndoana mbili juu yake. Sentimita 30 juu ya chubwi toa tawi la kwanza, sentimita 50 juu ya hapo tawi la pili. Kila tawi liwe fupi, sentimita 15 mpaka 20. Ukiliacha refu linajisokota kwenye mshipi mkuu wakati wa kushuka, na kugonga kwa kikande hakusikiki mkononi. Matawi yawe ya nailoni ya milimita 0.7. Ile ya milimita 1 ibaki kuwa mshipi mkuu.

Chubwi yenyewe ifungwe kwa kipande cha nailoni dhaifu, milimita 0.4, urefu wa shibiri moja. Ikinasa kwenye jiwe unavuta, inakatika hapo, ndoana na samaki vinarudi. Ukiifunga kwa mshipi ule ule mnene, kila ikinasa unapoteza kila kitu na unaacha nyuzi zimetanda juu ya matumbawe.

Risasi ni ghali na ikibaki chini ni sumu. Tumia vipande vya nondo. Nondo ya milimita 16 ikikatwa sentimita 20 ina gramu 315 hivi. Ya milimita 12 ikikatwa sentimita 30 ina gramu 265 hivi. Fundi wa kuchomelea akuwekee pete ya waya upande mmoja. Hiyo gramu 150 uliyonayo inafaa mita 25 maji yakiwa yamesimama, basi. Mita 40 na maji yanakwenda unataka gramu 400 na zaidi.

Sasa mkono. Chubwi ikigusa chini, inua nusu mita, mshipi uwe umekaza muda wote. Ukisikia kugonga usivute. Inua taratibu kama unainua ndoo kisimani, urefu wa mkono mmoja. Ukisikia uzito, vuta bila kukatisha, na mita tatu za kwanza ziende haraka kuliko zote. Hapo ndipo anapokimbilia shimoni.

---

Kaskazi_Lindi

PimaIshirini kasema vizuri, ila kwenye ndoana naona tofauti kidogo. Ndoana za mviringo ni nzuri kwa mgeni asiyejua, lakini nyingi zina shingo fupi, na kikande anafikisha meno kwenye nailoni. Mvuvi mwenye mkono mzoefu apewe ndoana ya kawaida namba 1 au 1/0 yenye shingo ndefu. Meno yanagonga chuma badala ya nailoni. Waya usiweke, changu akiuona hasogei. Na kila baada ya samaki wawili pitisha tawi katikati ya kucha mbili. Ukisikia mikwaruzo kata sentimita tano funga upya.

Swali la mshipi kulala ubavuni: hilo ni bamvua, maji makubwa ya kujaa na kupwa. Upande wetu wa kusini mkondo una nguvu kwa sababu maji yanayotoka mashariki ya bahari kuu yanakuja kugonga pwani ya Afrika karibu na hapa kwetu, yakigonga yanagawanyika, tawi moja linapanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi na Kilwa. Juu ya huo mkondo wa kudumu ongeza maji kujaa na kupwa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu vyote vinakuwa vikubwa, na chubwi ya nusu kilo inapeperuka.

Panga safari za mwambani maji yakiwa mafu, yaani hayajai wala kupwa sana: siku ya 7 mpaka ya 10 tangu mwezi kuandama, na siku ya 22 mpaka ya 25. Siku hizo zina faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Maji hujaa katikati ya asubuhi, saa nne au saa tano hivi, kwa hiyo kule kusimama kwake kunakukuta tayari uko juu ya mwamba. Nusu saa kabla ya kusimama na nusu saa baada yake ndiyo saa ya kikande. Anatoka juu ya mwamba anatembea, mshipi unakwenda wima, na unasikia kila mguso. Maji yakianza kukimbia analala nyuma ya jiwe, na anayeendelea kula ni kolekole. Siku za bamvua usiwakatalie wageni, wapeleke ukingoni ukakokote chambo cha kuchezesha kutafuta nguru na kolekole. Huko waya unahitajika, nguru anakata nailoni kama wembe.

Kwa majira: kuanzia Novemba mpaka Machi, kaskazi, bahari ya kwetu ni rafiki zaidi. Juni mpaka Agosti kusi inavuma kweli, toka saa kumi na mbili alfajiri na saa sita mchana uwe umeshageuza. Mlangoni mwa ghuba maji yakiwa yanatoka na upepo unaingia, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Boti ya futi 23 yenye watu sita haifai kuwa hapo. Subiri maji yageuke.

---

Mama_Feri

Shikamooni wakubwa. Mimi naongezea chambo na namna ya kumshika huyo samaki, maana naona mmepapita.

Dagaa mwachieni changu. Ni laini, kikande anamfuta kwa mara moja. Kinachotakiwa ni chambo chenye ngozi ngumu: ngisi, au mkono wa pweza. Ngisi umtoe kalamu ya ndani na utumbo lakini usimmenye ile ngozi. Kata vipande virefu sentimita nne, upana sentimita moja. Choma ndoana mara tatu kama unashona kitambaa, mkia unaobaki nje usizidi urefu wa ukucha, na ncha ya ndoana ionekane. Pweza achapwe kidogo kwanza, asichemshwe. Akichemshwa anakatika vizuri lakini ile harufu inayowaita samaki imebaki kwenye sufuria. Ngisi mmoja wa kiganja anatoa vipande kumi hivi. Wageni wanne kwa saa nne za kuvua, bebeni kilo mbili, nusu iwe imeshakatwa tangu nyumbani na ikae kwenye barafu. Chambo kilichokaa juani kinalegea na meno ya kikande hayana kazi nacho tena.

Na mjue kuwaita. Chukueni mfuko wa nyavu wa vitunguu, tieni vichwa vya dagaa na mabaki ya kibua yaliyopondwa, jiwe moja ndani, mshushe kwa kamba mpaka mita tano juu ya mwamba, si chini kabisa. Kikande wanapanda juu kuufuata, wanakuwa mbali na mashimo yao. Hapo tatizo lako la kukatikiwa linapungua nusu.

Akifika botini, mgeni asimguse. Meno yale yanapinda ndoana nyembamba, kidole ni kitu gani. Mfunikeni kwa kitambaa kibichi, ndoana itolewe kwa koleo lenye mdomo mrefu. Mwiba wa mgongoni ukisimama haulali hata ukiusukuma kwa nguvu, utajichoma bure. Tazameni, nyuma ya ule mwiba mkubwa kuna mdogo. Bonyezeni huo mdogo, mkubwa unalala wenyewe. Ndiyo kufuli yake. Huo ndio anaousimamisha shimoni akajikaza kwenye jiwe, na ndiyo sababu kumvuta hakusaidii. Akishaingia, legeza mshipi kabisa dakika mbili tatu. Akidhani hatari imepita analaza mwiba na kutoka, hapo ndipo uvute.

Ngozi yake ni kama ya kiatu, kupara magamba hakuna. Chukua kisu chembamba chenye ncha kali, chana juu juu kuanzia nyuma ya kichwa kufuata mgongo mpaka mkiani, halafu chini ya tumbo. Kisu kipite chini ya ngozi makali yakiangalia nje, ukikata ngozi kutokea nje makali yanakufa kwenye samaki wa pili. Ukishapata mahali pa kushika, vuta ngozi kwa koleo kuelekea mkiani. Inatoka nzima. Nyama ni nyeupe, imeshikana, haipasuki kwenye mchuzi wa nazi wala kwenye jiko la mkaa. Ila waambie wageni mapema, kichwa na mifupa ni sehemu kubwa ya samaki huyu, nyama inayotoka ni kidogo kuliko ukubwa wanaouona.

Jambo moja la afya. Kikande wale wakubwa sana, wenye uso wa njano na masharubu meusi juu ya mdomo, msiwape wageni kula. Wakubwa wa namna hiyo wa mwambani wanaweza kubeba sumu ya ciguatera, inayotoka kwenye vijimea vidogo juu ya matumbawe na kujilimbikiza kwa samaki mkubwa. Haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha, na samaki haonyeshi dalili yoyote, si harufu si ladha. Warudisheni. Na bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, akipanda, arudi baharini hapo hapo, hata ndoo ya samaki wengine asiingie. Wageni wengine hawamtofautishi na kikande.

Barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, pungufu ya hapo kwa jua letu ni kubahatisha.

---

Msangamkuu_Boti

Marahaba dada, na asanteni sana wakuu. Hiyo kufuli ya mwiba nilikuwa siijui. Imebaki nanga. Tunayo ya makucha manne na kamba ya mita 60, na inakwama mara kwa mara. Pia wageni wengine wanataka kuwaachia chewa wadogo lakini wanaelea juu, tumbo limetoka mdomoni.

---

Nahodha_Sudi

Mkuu, mita 60 za kamba kwenye kina cha mita 40 hazishiki chochote. Nanga inavutwa kwenda juu badala ya kulala, inaburuta, inavunja matumbawe njia nzima mpaka inakwama. Kamba iwe mara tatu ya kina, yaani mita 120, na mbele yake mnyororo wa mita tano. Lakini hata ukiwa nayo, usiangushe juu ya mwamba. Tafuta mchanga upande maji yanakotoka, angusha hapo, kisha achia kamba mpaka boti ikae juu ya ukingo. Tawi la tumbawe linalovunjwa na nanga mara moja linahitaji miaka mingi kurudi, na miamba yetu imeshaumizwa vya kutosha na baruti. Palipopigwa baruti chini ni kokoto tupu, hata ukae siku nzima utavua mkundaji wawili. Yale mawe mazima yaliyobaki ndiyo mtaji wa kazi yako, yatunze kama unavyotunza mashine.

Makucha manne yakikwama, dawa iko kwenye kufunga. Mnyororo usiufunge kwenye pete ya juu. Ufunge kwenye kitako, pale makucha yanapokutana, uupandishe mpaka pete ya juu na hapo ushikishe kwa nailoni dhaifu mizunguko mitatu. Siku ya kawaida inafanya kazi kama nanga nyingine. Ikikwama, vuta kwa mashine polepole, ile nailoni inakatika, nanga inavutwa kwa kitako na kutoka kinyumenyume.

Kwa maji mafu mimi nakushauri uache nanga, boti ielee. Anzia mita 100 kabla ya mwamba, upande maji yanakotoka, pita juu yake, ukimaliza ukingo zunguka kwa mbali urudi mwanzo. Usirudi kwa kupita juu ya mwamba na mashine, kelele inawafukuza. Kila mpito unaoleta samaki, weka alama kwenye jipiiesi (GPS), baada ya mipito mitano unajua jiwe lenyewe liko wapi.

Hao chewa: samaki aliyetoka zaidi ya mita 20 hewa ya kibofu chake inavimba akipanda. Kile kinachotoka mdomoni ni tumbo lake, usilitoboe, ukilitoboa anakufa. Mrudishe chini kwa uzito. Chukua ndoana kubwa, bana kabisa ule mwiba wa nyuma ya ncha mpaka uwe laini. Chubwi ya kilo moja na nusu ifungwe kwenye jicho la ndoana, na kamba yako ya mkononi ifungwe kwenye mpindo wake, ili ncha iangalie chini. Choma utando wa taya ya chini, mshushe. Uzito unampeleka, hewa inasinyaa kadiri anavyoshuka. Ukifika chini shtua kamba mara moja, ndoana inatoka naye anaondoka. Afanye baharia mmoja, ndani ya dakika mbili tangu samaki atoke majini. Kama chewa wadogo wanafuatana, hamisha boti, usiendelee kuwatesa.

Kabla ya yote hakikisha unavua wapi. Kutoka Msangamkuu kwenda kusini mpaka Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna maeneo ambayo hakuna kuvua kabisa, na wageni wana ada yao. Nenda ofisi ya hifadhi wakuonyeshe ramani ya kanda, na kwa afisa uvuvi wa halmashauri kwa leseni. Ukielea upande ule usijisahau, mpaka wa Msumbiji hauna ukuta majini.

Mafuta: HP 40 ya kuchanganya ikikimbizwa mpaka mwisho inakunywa lita 16 mpaka 18 kwa saa. Hesabu theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Safari ikihitaji lita 30, beba 45, na oili ni lita moja kwa kila 50, kwa hiyo 45 zinataka mililita 900. Pima kwa chupa yenye alama, usikisie. Jaketi okozi kwa kila kichwa, zivaliwe, si kukaliwa. Redio iwe chaneli 16.

---

PimaIshirini

Nyongeza moja kwa Msangamkuu_Boti, kwa kuwa hukutaja kifaa cha kuonyesha kina. Kama huna, tafuta ukingo kwa chubwi yenyewe. Kwenye mshipi wa kupimia funga fundo kila pima moja (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na kila pima ya tano kitambaa cha rangi. Kwenye kitako cha nondo toboa tundu dogo, jaza sabuni ya mche. Ukishusha na kupandisha, sabuni inakuambia: ikija na mchanga, hapo ni pa nanga, ikija na vipande vyeupe vya tumbawe vilivyokufa, sogea, ikija safi lakini imechubuka, uko juu ya jiwe gumu. Ukipata mahali ambapo mchubuko na mchanga vinapishana ndani ya mita kumi, shusha ngisi.